Saa nane asubuhi ndiyo saa ngapi?

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu. Si mnajua mambo ya hapa Upanga mitihani ikikaribia: asubuhi wodini, mchana darasani, usiku msuli mpaka macho yanauma. Leo nimekaa chini kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumamosi ya juzi, na kila nikikieleza kwa mdomo watu wananicheka. Nikaona bora niandike. Ni ndefu na ina historia ndani yake, kwa hiyo tafuta chai kwanza.

Jumamosi hiyo nilitoka chuoni kwa miguu, nikapita Faya, nikaishika Msimbazi mpaka Kariakoo kumsalimia mama mdogo. Ana kibanda cha vitenge jirani na Mtaa wa Kongo. Nilipofika ilikuwa kama saa sita na nusu, jua la utosi, nikamkuta amejikunyata juu ya robota la vitenge kajifunika khanga mbili.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba daktari wangu." (Sijawa daktari bado, na kwa desa nilizonazo sasa hivi sijui hata kama nitakuwa, lakini mtaa mzima ule umeshanipa cheo.)

Kumbe ni malaria. Alipimwa Ijumaa jioni, akapewa dawa ya mseto, akaelezwa namna ya kunywa. Sasa mtu mwenye homa unamweleza leo, akifika nyumbani kasahau yote. Kijana wake wa dukani akaona asihangaike, akaiuliza simu. Kuna programu moja ya kuchati, hizi za akili mnemba, jina lake naliweka kapuni. Akaiuliza kwa Kiswahili, ikamjibu kwa Kiswahili, tena chenye adabu kuliko cha kwangu. Vidonge vinne kwa mtu mzima, sawa kabisa. Siku tatu, sawa. Halafu ikaandika: dozi ya pili inywe "baada ya saa nane", na siku zinazofuata anywe "saa nane asubuhi na saa nane usiku".

Mmeona?

Dozi ya kwanza aliinywa Ijumaa saa moja jioni. Ya pili ilitakiwa iwe saa tisa usiku, masaa manane baadaye. Yeye akaisoma kama anavyoisoma mtu yeyote wa Kariakoo, yaani saa nane ikishapita. Na kwa kuwa hakuna anayeamka usiku wa manane kumeza vidonge vinne, akaamua ni saa nane ya mchana. Kwa hiyo mimi nafika pale, yeye bado anasubiri, masaa kumi na saba na nusu tangu dozi ya kwanza, vijidudu vinajipanga upya. Walimu wa Kiswahili shuleni walitukataza kusema "masaa". Siku hiyo niliyataka hayo masaa kuliko kitu chochote!

"Na hii saa nane asubuhi," akaniuliza, "ndiyo saa ngapi, mwanangu?"

Tukanywa dozi palepale (namaanisha alikunywa yeye), tukarudi wote zahanati, wakampangia upya, na amepona, namshukuru Mungu. Lakini usiku bwenini nilichukua simu yangu nikaiuliza programu ileile swali lilelile kwa Kiingereza. Ikajibu safi kama kitabu. Hapo ndipo usingizi ulipokata. Kumbe dawa inaijua! Isichokijua ni saa zetu. Nikajiuliza swali ambalo mwanafunzi wa fani yangu hujiuliza juu ya kila kidonge: hii kitu nani aliipima kabla haijafika mikononi mwa watu? Na aliipima kwa lugha gani?

Nikaanza kusoma. Nilitakiwa kusoma vitu vingine kabisa, lakini ndiyo hivyo.

Nianze na dawa maana ndiyo historia ninayoijua. Mwaka 1937 kampuni moja ya Tennessee, Marekani, ilitaka kuuza sulfanilamide kwa njia ya maji ili watoto wainywe kirahisi. Dawa yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Tatizo ni kwamba waliiyeyusha kwenye diethylene glycol, wakatia ladha ya tunda, wakaonja, wakaona tamu, wakaipeleka sokoni. Hawakuipima kama ina sumu, na hawakuvunja sheria yoyote kwa kutoipima. Kupima kulikuwa hiari. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba serikali ilipotaka kuikamata dawa hiyo, kosa kubwa iliyoweza kulishika ni la jina: iliitwa "elixir", na elixir inatakiwa iwe na alkoholi, hii haikuwa nayo. Mwaka uliofuata, 1938, ndipo sheria ikasema mtengenezaji athibitishe usalama kwanza. Na msidhani ni hadithi za kale. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto wasiopungua 66 Gambia. Sumu zilizokutwa mle? Diethylene glycol ileile, na ndugu yake ethylene glycol.

Kwetu nako kuna historia ya kupima, na si ya kudharau. Shirika la Viwango Tanzania, TBS ya pale Ubungo, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Wengi tunaijua alama yake kwenye chupa ya maji. Ambacho wengi hatukijui ni kwamba viwango viko vya aina mbili: kuna vya lazima, hasa vinavyogusa afya na usalama, na kuna vya hiari, ambavyo mwenye kiwanda anavifuata akitaka sifa au soko. Na kwenye dawa tumewahi kuwatangulia wengine: mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA (leo TMDA), ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefika ngazi ya tatu ya ukomavu. Ya kwanza Afrika nzima! Hiyo kumbukeni, nitairudia.

Ila kiwango bila mtu wa kusimama kwenye mizani ni karatasi tu. Shuka sokoni Kariakoo ukaulize lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wapo, matamko yametolewa miaka nenda rudi, na bado gunia la viazi linashonewa kichwa juu mpaka linakuwa kama mtu kavaa kilemba. Na hicho ni kiwango cha lazima. Sasa fikiria cha hiari.

Haya, turudi kwenye akili mnemba (wengine wanaiita akili bandia, wengine akili unde, majina yenyewe hatujakubaliana).

Historia ya kuipima kwa upande wetu wa dunia inaanzia Nairobi, na inaanza vibaya. Kuanzia Novemba 2021 mpaka mwanzoni mwa 2022, wafanyakazi wa kampuni ya Sama pale Nairobi walikaa kusoma maandishi ya kutisha, ubakaji, mauaji, watoto kudhalilishwa, wakiyawekea alama moja moja ili mashine ya OpenAI ifundishwe kuyatambua na kuyakataa. Gazeti la TIME lilipoandika habari hiyo Januari 2023, lilisema walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa hiyo ile heshima ya ChatGPT, ile ya "samahani siwezi kukusaidia na hilo", imepita mikononi mwa Wakenya. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Vijana wanaoongea Kiswahili nyumbani walisafisha Kiingereza cha watu wengine, kisha wakarudi makwao na lugha yao ikiwa haijafagiliwa.

Matokeo yake yalionekana haraka. Oktoba 2023 watafiti wa Alibaba walitoa utafiti waliouita MultiJail. Walichukua maswali mabaya 315 wakayatafsiri kwa lugha tisa, Kiswahili kikiwa kwenye kundi la lugha zenye maandishi machache mtandaoni pamoja na Kibengali na Kijava. Waliona kwamba kwenye kundi hilo uwezekano wa kupata jibu la hatari ulikuwa kama mara tatu ya lugha kubwa. Mwezi huohuo wenzao wa chuo cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba ukilitafsiri swali baya kwa lugha chache kama Kizulu, kwa programu ya bure tu ya kutafsiri, GPT-4 ililegea mara 79 kwa kila 100, wakati kwa Kiingereza haikufika hata mara moja. Yaani mlango wa mbele una walinzi wawili na mbwa, wa uani umeegeshwa tu.

Serikali zilikuwa zinafanya nini? Zilikuwa zinaandika viwango vya hiari. Januari 2023 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST (tuseme ndiyo TBS yao), ilitoa mwongozo wa kusimamia hatari za akili mnemba, na wenyewe waliandika wazi kuwa ni wa hiari. Julai mwaka huo makampuni saba yaliitwa Ikulu ya Marekani yakaahidi kupima bidhaa zao kabla ya kuzitoa. Ahadi, si sheria. Novemba 1 na 2 ukaja mkutano wa Bletchley Park, Uingereza, nchi 28 na Umoja wa Ulaya wakatia saini tamko la pamoja. Kutoka Afrika walikuwepo Kenya, Nigeria na Rwanda. Majirani zetu wawili! Sisi hatukuwemo.

Baada ya hapo Uingereza na Marekani zikaanzisha taasisi za serikali za kupima usalama wa hizi mashine, na mwezi Agosti 2024 OpenAI na Anthropic zikakubaliana na ile ya Marekani iwe inazipima modeli zao kabla na baada ya kutoka. Kwa hiari yao. Halafu Novemba 20 na 21, 2024, San Francisco, ukazinduliwa mtandao wa kimataifa wa taasisi hizo: Australia, Canada, Umoja wa Ulaya, Ufaransa, Japani, Kenya, Korea Kusini, Singapore, Uingereza na Marekani. Kumi. Isome tena orodha hiyo polepole. Afrika nzima ni Kenya peke yake.

Najua Mbongo akisikia Kenya imetuwakilisha kwenye Kiswahili huwa anacheka. Na mimi nilicheka, nikasema hao si ndio wanaosema "nipee"? Nikaacha kucheka niliposoma kilichofuata.

Mwaka 2025 nchi za mtandao huo, Singapore ikiongoza zoezi, zilitoa ripoti ya jaribio la pamoja. Zilichukua modeli mbili na kuzipima kwa lugha kumi: Kiingereza, Kifaransa, Kijapani, Kikorea, Kimalei, Kimandarini, Kikantoni, Kiajemi, Kitelugu... na Kiswahili. Maswali zaidi ya 6,000 yalitafsiriwa, katika mafungu matano: faragha, uhalifu wa kutumia nguvu, uhalifu usio wa nguvu, hakimiliki, na kuihadaa mashine ivunje miiko yake. Majibu yalisahihishwa mara mbili, na mashine nyingine na pia na binadamu. Wakaona kwamba ulinzi unabadilika ukibadilisha lugha, na kwamba msahihishaji mashine haaminiki sawasawa kwa kila lugha, kwa hiyo binadamu lazima awepo. Hilo la mwisho lilinigusa. Ni kama mtihani wa Kiswahili kusahihishwa na mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi, anakupa vema pasipostahili.

Hili si jambo dogo jamani. Lugha yetu imewekwa kwenye mizani ya serikali za dunia, na imewekwa pale kwa sababu kuna Waafrika Mashariki waliokubali kwenda kukaa. Hakuna aliyewalazimisha. Huo ndio uzuri wa kitu cha hiari: mlango uko wazi kwa anayekuja.

Sasa ubaya wake. Kwanza, hiari inategemea upepo. Marekani ilikuwa na amri ya rais ya Oktoba 30, 2023 iliyotaka makampuni ya modeli kubwa yaipe serikali matokeo ya vipimo vyao. Januari 20, 2025 rais mpya aliifuta siku yake ya kwanza ofisini. Februari 2025 taasisi ya Uingereza ikabadilisha jina, neno la usalama wa watumiaji likatoka, likaingia la usalama wa taifa. Juni 2025 ya Marekani nayo ikabadilishwa, neno usalama likaondoka kabisa. Ulaya wao walishatunga sheria, imekuwa na nguvu ya kisheria tangu Agosti 2024 na inatumika kwa awamu, lakini sheria ya Ulaya inamlinda mtu wa Ulaya.

Pili, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: hebu rudi kwenye yale mafungu matano. Mama mdogo yuko fungu gani? Hakuuliza namna ya kutengeneza bomu. Hakuna aliyemwibia siri. Jibu alilopewa lingepita mtihani wote kwa vema nyekundu, maana lilikuwa la adabu, lenye nia njema, na kosa lake ni saa. Na maswali yale yalitafsiriwa, yaani yalianza kuishi katika lugha nyingine. Mtu anayetunga swali kwa Kiingereza hawezi kuwaza saa nane asubuhi, kwa sababu kwake hiyo ni saa ya kawaida kabisa. Kosa hili linaonekana tu ukiwa ndani ya Kiswahili umekaa, unahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Ripoti yenyewe inakiri kuwa tafsiri zinahitaji kuzingatia utamaduni wa wenye lugha. Mimi nadhani tafsiri haitoshi hata ikiwa nzuri kiasi gani. Inabidi swali lenyewe lizaliwe hapa.

Na Kiswahili kina historia na meza za namna hii. Kiswahili sanifu unachosoma sasa hivi kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kikashinda Kimvita, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ili isimamie vitabu na tahajia. Waliokata shauri walikuwa Wazungu: maofisa na wamisionari. Wengine waliipenda lugha kwa dhati na walifanya kazi kubwa, siwabezi. Lakini watu wa Mombasa mpaka leo wana lao la kusema, na miaka karibu 100 imepita.

Ndiyo maana ile ya 2018 inaniuma. Nchi iliyokuwa ya kwanza Afrika kwa kupima kidonge haikuwa mezani wakati inapimwa mashine inayomweleza mgonjwa namna ya kukinywa. Kenya wameendelea: shirika lao la viwango, KEBS, lilitoa mwaka 2024 rasimu ya kanuni za matumizi ya akili mnemba ili watu watoe maoni, na Machi 2025 wakazindua mkakati wao wa taifa. Sisemi hapa nyumbani hakuna kinachofanyika, tuna sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Nasema kwenye jaribio la Kiswahili, lugha ambayo sisi ndiyo tunanunulia nyanya, tunaombea ruhusa na kuagana na maiti, sauti ya Bongo haikuwepo. Na hakuna wa kumlaumu nje. Ni ya hiari!

Rafiki yangu mmoja wa Mlimani, anasoma mambo ya kompyuta, alinibishia sana juu ya hili. Alisema "kosa la saa linarekebishwa kwa wiki moja, subiri toleo jipya." Inawezekana kabisa, na huenda ukiiuliza leo itakujibu sawa. Nikamwambia hata ile dawa ya 1937 ilirekebishwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi tutunge maswali. Kwa hiyo tumefungua daftari. Yeye anaandika ya mitandao ya simu na matapeli wa "tuma kwa namba hii", mimi naandika ya dawa: saa, kijiko cha chai na cha chakula, "kutwa mara tatu", "kabla ya kula" kwa mtu anayekula mara moja kwa siku, "mjamzito wa mwezi wa nne" anayehesabu kwa mwezi mwandamo. Mama mdogo ametoa maswali matatu peke yake, na moja limetushinda hata sisi wawili kulijibu.

Mwenye swali la kuongeza aniletee, nipo kantini mchana au maktaba usiku. Sasa hivi nalala, kesho nina raundi wodini saa moja asubuhi. Saa moja yetu, si ile ya simu.